Mwanasiti na Mchanga wa Ndagala

Wifi yangu Mwanasiti amekuwa akiuza ndagala hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tangu nilipoolewa na kaka yake, na mimi sasa nina wajukuu. Mumewe alifariki binti yao Soumaya akiwa bado mgongoni. Wanaume walikuja kuposa, mmoja wao fundi wa magari mwenye nyumba mbili, akawakataa wote kwa adabu. Alipanda basi akaipita Rumonge, akanunua ndagala kwa wanawake wanaozianika mchangani kando ya ziwa, akarudi nazo kwenye magunia na kukaa nazo soko la Ruvumera, jua lake na mvua yake. Kwa visamaki hivyo vidogo, ambavyo ukikosa meno unameza tu, Soumaya alisoma kwa masista, akapata diplomu, akaenda Ubelgiji. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Mwaka huu Soumaya alikuja likizo na zawadi kwa mama yake. Alikuwa amelipia siku chache katika hoteli moja mbali kule kusini, zaidi ya Rumonge, mahali ambapo msitu unashuka mlimani mpaka karibu kugusa maji. Nami nikaalikwa, maana Mwanasiti hasafiri bila mtu wa kugombana naye. Soumaya alitueleza kuwa ni hoteli ya kulinda mazingira: nyumba za mianzi na nyasi, hakuna televisheni, hakuna jenereta, maji yanapashwa na jua. Nikamwambia nyumba ya namna hiyo mimi nimezaliwa ndani yake, na mama yangu hakumtoza mtu kitu. Akacheka kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Mwanasiti yeye alifurahi sana, kwa sababu hoteli hiyo ilijengwa jirani kabisa na mchanga wa Adélaïde. Adélaïde ndiye anayemuuzia ndagala tangu wote wawili wana kiuno chembamba. Mmoja anasali msikitini, mwingine kanisani, na wameshazikiana wazazi.

Kwetu mtu haendi kulala kwa watu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Basi usiku wa kuamkia safari nilimkuta wifi yangu anachagua ndagala, zile nyeupe zinazong'aa, anapepeta mchanga, anatoa zilizovunjika, kisha anazifunga kwenye kitenge kipya. Nilimwambia hoteli haipelekewi zawadi, hoteli inalipwa. Akaniuliza kama hao watu hawana jiko. Nikasema wanalo. Akasema basi wanakula.

Gari la hoteli lilikuja kutuchukua likiwa limejaa esansi, mafuta yaliyoadimika, na sisi tukapita mbele ya vituo ambako watu wa mji huu walikuwa wamelala na madumu yao kwenye foleni. Sikulisema hilo mbele ya Soumaya. Nilikuwa bado najaribu kuwa mgeni mwema.

Meneja alikuwa kijana wa Bujumbura, Bonfils, shati lake rangi ya majani. Alitupokea kwa juisi ya marakuja na maneno matamu kuhusu ndege wa msituni. Soumaya akiwa bado nje anahesabu mizigo, Mwanasiti akamtolea kile kifurushi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwewe. Bonfils alirudi nyuma hatua nzima. Alimwambia msichana wa mapokezi kitu kwa Kifaransa, kisha akatueleza, huku akitabasamu, kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi, kwamba wageni wanakuja hapa kutafuta hewa safi. Hakukigusa hata kwa kidole. Mwanasiti akasema haya, akakipeleka katika chumba tulichopewa sote watatu na kukisukuma chini ya kitanda chake. Mimi ndiye niliyeona aibu na uchungu. Yeye alisema kijana bado mdogo, hajafundishwa.

Asubuhi tulishuka kwa Adélaïde. Wanawake walikuwa wanatandaza ndagala kama kawaida, lakini katikati ya mchanga kulikuwa na nguzo mpya za mkaratusi, zimepakwa chokaa, zimesimama kwa mstari mpaka majini. Adélaïde alitueleza bila kuacha kazi. Hoteli imeomba ufuo wote ufungwe. Inasema harufu ya ndagala inafukuza wageni. Shefu wa kolini, yaani mkubwa wa kijiji chao, alikuwa na mashaka, ndiyo maana ameita mkutano kesho: anataka kusikia kama kweli kuna mgeni aliyelalamika. Wakifukuzwa pale hawana pengine. Upande mmoja ni miamba mitupu, upande wa pili ni msitu, na msitu nao hoteli imeweka walinzi, mtu haokoti hata ukuni.

Mwanasiti alimwambia asiwe na wasiwasi. Yeye mwenyewe ni mgeni wa hoteli, amelala kwenye shuka zao, na kesho atasimama aseme kwamba hajalalamika. Akaingia mchangani akaanza kugeuza ndagala pamoja nao. Wageni wawili weupe walipita na kumpiga picha. Soumaya hakushuka, alisema amechoka na safari.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza ya kulia chakula. Shefu, mzee mmoja aitwaye Libère, alikaa mbele. Wanawake wa mchangani waliambiwa wasimame pembeni kwa sababu miguu yao ina matope. Bonfils akaanza kueleza kuhusu mazingira na utalii na maendeleo, mpaka shefu akamkatiza na kumuuliza: nani amelalamika, wazungu? Bonfils akasema hapana, hilo ndilo analotaka lieleweke, siyo wazungu. Ni Mrundi, mtoto wa Bujumbura. Akanyoosha mkono kumwonyesha Soumaya. Huyu madamu, akasema, jioni ya kwanza alikuja mapokezi kulalamika kwamba chumba kinanuka samaki, hawezi kupumua.

Shefu akamuuliza Soumaya kama ni kweli. Soumaya alitazama kucha zake. Akasema ni kweli.

Mimi nimeona mengi katika mji huu, vita na mafuriko, lakini jambo kama hili sikuwahi kuliona. Binti aliyekuwa analazwa juu ya magunia ya ndagala sokoni akiwa mchanga! Nilimtazama Mwanasiti. Hakulia, hakufoka. Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na kile kifurushi, akakiweka mezani mbele ya shefu na kufungua fundo.

“Shefu, harufu yenye mutoto wangu alisikia ni hii hapa,” alisema. “Ilikuwa chini ya kitanda changu mimi. Nilimuletea huyu bwana zawadi, akaikataa. Kama iko kosa, ni yangu. Wale wamama hawana kosa.”

Watu walicheka, hata askari wa lango. Shefu naye alicheka. Akachota ndagala kidogo, akatafuna, akachota tena, akasema hizi zimekauka vizuri sana. Nikadhani tumeshinda.

“Mama, mi nimekuelewa,” akasema alipomaliza kumeza. “Lakini madamu amesema alisumbuliwa. Harufu ilitoka wapi, hiyo ni habari ingine.”

Basi. Wanawake wakapewa mpaka mwisho wa mwezi waondoe vitu vyao. Mzee mzima alikula ndagala zetu, akazisifu, na kwa mdomo uleule akawanyang'anya wenzetu mchanga. Nguzo zilikuwa zimeshasimikwa kabla hata ya mkutano, nani asiyejua? Walichokosa ni mtu mmoja wa kusema neno moja, na tukawaletea sisi, kwa gari lao. Nilisimama nikamuuliza Bonfils huo msitu anamlindia nani na hilo ziwa amelipewa na nani. Akaniomba nipunguze sauti, kwa sababu mahali pale ni pa utulivu. Nikamwambia utulivu wake auchemshe anywe.

Usiku ule Mwanasiti alilala kwa Adélaïde, nami nikamfuata. Soumaya alibaki na nyumba ya mianzi peke yake, hewa safi tele.

Njiani kurudi alijitetea. Hakujua kuwa ni kifurushi cha mama yake, mtu angemwambia. Aliomba tu kubadilishiwa chumba, hakutuma mtu afukuzwe. Tena hoteli imeahidi kazi, wale wanawake watafua shuka na kusuka vikapu vya kuuzia wageni. Nilimwambia kwamba Adélaïde ana watoto sita aliowakuza bila kufua shuka ya mtu. Mwanasiti alitazama ziwa dirishani hadi tukaingia mjini. Mwacha asili ni mtumwa, lakini hata methali hiyo hakuitamka. Niliitamka mimi.

Siku ya Soumaya kuondoka, sanduku lake lilikuwa wazi kitandani, ndani mna vitenge na kahawa. Mama yake alikuwa uani anachambua maharage. Soumaya akatoka akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mama, ndagala zangu umeweka wapi? Kule Ubelgiji watu wanazingojea.”

Kila mwaka mama yake humfungia, nailoni juu ya nailoni, zisinuke ndani ya ndege.

“Sina,” alisema Mwanasiti.

“Hata kidogo?”

“Zenye ziko sokoni, enda ununue. Za mama yako zilikuwa zinakauka kwa Adélaïde. We ulisema pananuka, wakapafunga.”

Akaendelea na maharage yake. Soumaya akarudi ndani, nami nikamfuata kumsaidia. Miaka mingine sanduku hilo huwa tunalikalia watu wawili ndipo zipu ipite. Safari hii alilifunga peke yake, kwa mkono mmoja.