Nafasi Namba Sita

Verna Hoskin alifanya kazi kwenye mizani ya ghala la ngano kwa miaka ishirini na sita. Wakati wa mavuno alisimama nyuma ya malori, ndani ya vumbi, akiwaongoza madereva kwa mikono mpaka tairi zikae sawa juu ya mizani. Akiwa likizo alifanya kazi hiyohiyo bure. Mumewe, Clem, alirudisha nyuma tela lao la kulala, naye Verna alisimama nyuma na kuonyesha mkono.

"Mimi ni utingo wa kuzaliwa," alizoea kusema.

Clem alifariki mwezi wa Juni. Septemba Verna alifunga tela nyuma ya gari akaondoka peke yake, kwa njia ileile waliyoipita kila mwaka: kukata milima ya Gawler kwa barabara ya udongo mwekundu, kisha kushuka pwani hadi kambi ndogo ya Ghuba ya Tarrow.

Mimi na mke wangu Jocelyn tulimkuta siku ya tatu ya safari yake, kando ya ziwa la chumvi lililokauka. Huwa ninaandika daftari njiani: mvua, upepo, ndege, umbali. Siku ile niliandika kwamba alama za tairi zake zilikuwa zimechora duara kubwa uwandani, ungesema ndege imegeuza hapo. Kesho yake, kwenye kituo cha mafuta, aliegesha mbali kandokando ya barabara akatembea na madumu mawili ya maji. Keshokutwa yake vilevile. Kwa muda wote tuliofuatana naye, tela lile halikurudi nyuma hata hatua moja.

"Verna," Jocelyn alimwuliza tukinywa chai, "hivi hujui kupiga rivasi?"

"Gari najua."

"Na tela?"

"Tela lina akili zake."

Ndipo akatueleza. Mwanawe Grant, anayeishi Port Lincoln, hakutaka mama yake akokote tela peke yake katika nchi ambayo unaweza kwenda nusu siku bila kukutana na gari. Walibishana kwenye simu. Verna, kwa hasira, akamwambia aje Tarrow Jumamosi saa sita mchana. Akilikuta tela limeingizwa nafasi namba sita, kwa mikono ya mama yake mwenyewe, asiliongelee tena. Asipolikuta humo, alikokote ampe amtakaye, na yeye Verna hatatoka tena barabarani.

Nafasi namba sita naijua. Ina vichaka vya mikaratusi mifupi kulia na kushoto, na mbele yake kuna njia nyembamba kisha jabali. Huingii ila kwa kinyumenyume. Verna na Clem walilala hapo kila Septemba kwa miaka ishirini na miwili.

"Si ungesema namba moja tu," Jocelyn akamwambia. "Ile iko wazi kama kiwanja cha mpira."

"Ningekuwa na akili ya kuchagua, ningekuwa nimeshakata simu."

Tuliingia Tarrow Ijumaa alasiri. Sisi watu wa matela tuna desturi moja: tela likiingia kambini, kila mtu hutoa kiti nje. Hakuna anayesaidia kabla ya kuombwa, wala hakuna anayegeuza uso. Siku ile vilikuwa viti tisa. Cha mbele kabisa kilikuwa cha Neville, mkata manyoya ya kondoo mstaafu aliyekaa namba tano.

"Karibu, mama!" alisema. "Usiwe na haraka, ndiyo kwanza tumechemsha maji."

Mara ya kwanza tela lilijikunja kama kisu cha mfukoni. Mara ya pili likaenda kukiangalia kiti cha Neville kwa karibu, akainuka nacho. Ya tatu na ya nne sikuziandika.

"Verna, unaegesha au unakanda unga?" Neville akauliza.

"Nakanda. Kaa hapohapo, nikupike."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini akanitazama kupitia kioo cha pembeni. Nikaenda kusimama nyuma.

"Rudi, rudi, rudi! Kulia! Kulia!"

Akakata usukani kulia. Tela likaenda kushoto, likaingia kichakani.

"Umesema kulia!" akapaza sauti.

"Mkia ndio uende kulia."

"Basi si useme hivyo!"

"Kwani wewe ulikuwa ukimwambiaje Clem?"

Alilitoa tela kichakani, akaendesha hadi uwanja ulio karibu na vyoo, akaliacha pale, akaingia ndani na kufunga mlango. Viti vikarudishwa kimyakimya. Neville alifika hadi kwenye tela lile na samaki wawili aliowavua, akawaweka kwenye ngazi, akaondoka bila kugonga.

Asubuhi nilimpelekea chai. Alikuwa kwenye kiti cha dereva na kitambaa kibichi mkononi, akifuta vumbi jekundu.

"Hebu njoo uone," alisema. "Usukani umechakaa hapa chini. Juu ni mpya kabisa. Wewe unashika wapi?"

"Juu. Kama watu wote."

"Clem akirudi nyuma alishika chini. Nilikuwa nauona mkono ukining'inia, nikimwambia ni mvivu."

Akaweka kiganja pale palipochakaa, ngozi ya usukani ilipokuwa imelainika na kung'aa. Akakisogeza kulia, taratibu. Akakisogeza kushoto.

"Mkono ukienda kulia, usukani wenyewe unazunguka kushoto," alisema. "Na mkia wa tela?"

"Kulia."

"Unafuata mkono." Akakisogeza tena kulia. "Kumbe nikimwonyesha kulia, mkono wake ulikwenda kulia tu. Nami nilidhani alikuwa akipiga hesabu."

Alikaa pale huku chai ikipoa mkononi mwangu. Kisha akawasha gari.

"Toka mlangoni, bwana, chai itakuunguza."

Viti vilitoka upesi kuliko jana. Verna alilileta tela hadi namba sita, akasogea mbele hadi karibu na jabali, akashusha mkono wake wa kulia chini ya usukani, akatazama vioo. Tela likaanza kupinda kuelekea vichaka, likasimama, likasogea mbele kidogo, likarudi. Mara ya pili liliingia.

Grant alifika saa sita kasoro dakika ishirini, amevaa suruali ya kazi. Alimkuta mama yake kitini, anakula samaki.

"Nani amekuingizia?" aliuliza, akimtazama Neville.

"Usinitazame mimi, kijana. Mimi nimeponea chupuchupu."

Grant alilizunguka tela mara moja. "Limepinda, Mama."

"Limepinda?"

"Kidogo tu. Si neno."

Verna akaweka sahani chini, akafuta vidole, akapanda gari, akalitoa tela lote nje hadi njiani. Jocelyn alinishika mkono. Grant akakimbilia nyuma, akainua mikono kama alivyomwona mama yake akifanya tangu utotoni.

"Grant!" Verna alitoa kichwa dirishani. "Ondoka kwenye kioo changu!"

Akaondoka. Safari hii Verna aliliingiza kwa mkupuo mmoja. Lilipinda vilevile, ila upande wa pili.

Grant alikuwa amekuja na chuma cha kukokotea kimefungwa nyuma ya gari lake, tayari kuliondoa tela. Baada ya chakula alikwenda kuogelea, na aliporudi alitundika taulo lake juu ya chuma hicho. Lilikauka kabla ya saa kumi, maana upepo ulikuwa wa kaskazini, na hewa kavu.