Haitoshi

Nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao wakati ule sikuuonea aibu: sikuweza kuvumilia simu yangu itumie mfumo wa mwaka jana wakati kuna watu wengine duniani wameshapata mpya. Kwa hiyo nilijiandikisha kupewa matoleo ya majaribio, yaani mfumo ambao haujaiva, unaogawiwa watu wa kujitolea ili wakumbane na kasoro zake kabla ya wengine. Wenzangu shuleni walinicheka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si fundi, lakini kila toleo lilipotoka nilijipiga kifua kwamba hakuna mtu Lubumbashi nzima aliyenitangulia.

Simu hiyohiyo ndiyo niliyomrekodia baba. Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliimalizia kwenye barabara ya Kasenga, akinunua samaki wakavu kule kwenye mto Luapula na kuwaleta mjini juu ya lori. Mapafu yalipomshinda na safari zikakatika, nilianza kukaa naye mezani wakati wa chakula na kumuuliza habari za kule. Alisimulia, na alitia chumvi kweli kweli, hata kambale mmoja akaja kuwa mrefu kuliko mtumbwi uliombeba. Mimi niliweka simu karibu na sahani yake na kurekodi.

Katika rekodi moja anakatiza hadithi katikati. Kijiko kinagonga sahani, anakohoa, kisha anasema, "Mama batoto, chumvi iko wapi?" Anaendelea na hadithi bila kungoja jibu. Alifariki kabla mvua hazijakatika.

Baada ya matanga nilimpa mama ile simu, kwa kuwa sauti zilikuwa ndani yake. Nilimwonyesha jinsi ya kuzifungua. Hakuzisikiliza zote. Kila asubuhi, akishaweka chai, alifungua ile moja, akaisogeza mpaka kwenye chumvi, na baba alipouliza, yeye alijibu, "Iko juu ya mesa." Kisha alizima na kunywa chai yake. Mara ya kwanza nilipomwona nilitoka nje nikalia. Baadaye nilizoea, nikawa nampita nikitafuta viatu vyangu.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu Kiswahili chetu, maana bila hilo msomaji wa mbali hatanielewa. Lubumbashi, kutosha ni kuondoa. Unatosha sufuria kwenye moto, unatosha mtoto shuleni, daktari anakutosha jino. Kile ambacho vitabu vinakiita kutosha, sisi tunasema kuenea: chakula kinaenea, pesa haienei. Ni kosa ambalo nimelizungushia duara jekundu kwenye madaftari ya wanafunzi tangu nianze kazi, na ninajulikana kwa ukali wangu juu yake. Wanafunzi wananiita Bwana Haitoshi nikishageuza mgongo.

Na ni mimi niliyeiweka simu ya mama katika Kiswahili. Kifaransa kilimsumbua, kila ujumbe ulimfanya aniite. Nilipoona mfumo una Kiswahili sanifu nilifurahi kama nimekiandika mwenyewe. Nikamwambia sasa hutanihitaji tena.

Miezi michache baadaye simu ilianza kuugua. Toleo la majaribio lina siku zake, zikikaribia kuisha linaanza kukorofisha. Simu ilijizima na kujiwasha. Sauti ya baba ilikatika kabla hajafika kwenye chumvi, na mama alilazimika kuanza upya mara tatu, mara nne, chai inapoa. Dawa ilikuwa toleo jipya, nalo lilikuwa limeshatoka, lakini halikukubali kuingia lenyewe. Lilipakuliwa kidogo kidogo mpaka karibu na mwisho, kisha yakatokea maneno yaleyale: usasishaji umeshindikana. Tukaanza tena. Intaneti ya mtaa wetu wa Katuba tunaijua wenyewe, na courant, yaani umeme, hukatika bila kuaga.

Nikaamua kuliweka kwa mkono. Kule mtaa wa Golf kuna nyumba moja ninapofundisha watoto wawili siku za Jumamosi, na intaneti yao inakimbia. Nililipakua huko faili lote, zito kama nini, nikalitia kwenye kadi ya kumbukumbu na kulileta nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata, kabla sijaanza, mama aliniuliza, "Na sauti ya baba yako, utaichunga wapi?" Kwetu kuchunga ni kuhifadhi pia. Nikamjibu kwamba toleo jipya haligusi vitu vya mtu, na nikirudi jioni nitazinakili zote kwa usalama.

Ningeweza kuzinakili pale pale. Kadi ilikuwa imejaa faili la mfumo pamoja na nyimbo zangu. Ingebidi nifute nyimbo. Sikutaka kufuta nyimbo. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya uzeeni.

Asubuhi hiyohiyo niliichomeka simu kwenye chaja, nikafungua mipangilio, nikabonyeza namba ya toleo mara nyingi mpaka mlango uliofichwa ukafunguka, nikachagua faili langu na kuliamuru liingie. Mstari ukaanza kutembea. Nilimwambia mama asiiguse, na lolote likitokea anipigie kwa kile kisimu chake cha vitufe. Nikaenda Golf.

Nilikuwa katikati ya somo aliponipigia. Mwenye nyumba alikuwa sebuleni, na hapendi mwalimu anayezungumza na simu, kwa hiyo nilitoka barazani nikinong'ona kwa hasira.

"Papa," alisema, kwani kwetu mama humwita mwanawe hivyo, "telefone inasimama. Iko naandika kintu."

"Iko naandika nini, mama?"

"Siko na lunettes ya macho, sijue niliziweka wapi. Naona tu neno ya kubwa, kule juu. Asema nafasi haitoshi."

"Na chini?"

"Chini kuko tumaneno tudogo, sioni muzuri. Kisha kuko ghairi, na kuko endelea."

"Asema haitoshi?"

"Ee. Haitoshi. Njo vile inaandika."

"Basi finya endelea."

Nilisikia akipumua. "Kweli, papa? Haitatosha sauti ya baba yako?"

"Mama! Si umesoma mwenyewe? Haitoshi kintu! Finya!"

"Haya. Nafinya."

Nikarudi ndani, nikaomba radhi, nikaendelea na somo. Kama nakumbuka vizuri lilikuwa somo la ngeli.

Mtu atauliza, mwalimu mzima wa Kiswahili, ilikuwaje? Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko yeye. Lau ningeyaona yale maneno kwa macho ningeyasoma kama kitabu. Lakini niliyasikia kwa mdomo wa mama, na tangu nizaliwe neno likitoka mdomoni mwake linaingia kwangu na maana ya nyumbani. Simu ilisema haina nafasi. Sisi wawili tulisikia kwamba haiondoi kitu.

Niliporudi simu ilikuwa inang'aa. Toleo jipya lilikuwa limeingia bila mkwaruzo, haraka, zuri kupita yote niliyowahi kuona. Mama alikuwa amekaa mezani na miwani yake usoni, ameipata tayari, anapitisha kidole juu ya kioo, juu na chini, juu na chini.

"Siione tena," alisema. Kisha akainua macho. "Balimutosha?" Aliuliza kama wamemwondoa.

Nilimnyang'anya simu. Kwenye folda ya sauti hapakuwa na kitu. Nilitafuta kwenye takataka, nikatafuta kila mahali. Na nilimfokea. Nilimuuliza kwa nini alifinya bila kutafuta miwani kwanza, kwa nini asingoje, kwa nini kila siku mambo yake ni ya haraka. Mama yangu, mjane. Alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani. Kisha nikafungua ukurasa wa hifadhi, na pale juu, kwa herufi kubwa, paliandikwa: Nafasi inatosha.

Nililisoma neno hilo nikaacha kumfokea.

Wiki iliyofuata niliipeleka kwa fundi mjini. Akaniambia kwa upole kwamba kilichofutwa kwenye simu za siku hizi hakifukuliwi. Wenzangu wa majaribio, watu wa nchi nyingine nisiowajua, waliniandikia tumaneno tudogo tulikuwa tunasema nini: sauti na video zisizo na nakala zitafutwa ili kupata nafasi. Walikuwa wameshalalamika. Katika toleo lililofuata kasoro hiyo ilirekebishwa, na nilitumiwa ujumbe wa shukrani kwa kushiriki.

Kwa siku kadhaa mama aliisema vibaya simu. Alimwambia jirani, "Ile telefone ni ya bongo. Iliandika asema haitoshi, kumbe inatosha." Bongo kwetu ni uongo. Jirani alitikisa kichwa, akasema mashine ni mashine. Nilikuwa nimekaa hapohapo nikisahihisha daftari, na ningeweza kuiacha lawama ikae kwenye simu mpaka mwisho wa maisha yetu. Nilitamani hivyo. Lakini daftari lililokuwa mbele yangu lilikuwa na duara jekundu juu ya neno lilelile, wino haujakauka.

Jirani alipoondoka nilimwambia mama. Nilimweleza kwamba simu haikudanganya. Katika Kiswahili cha vitabu, haitoshi ni haienei. Ilikuwa inasema nafasi haienei.

Alifikiri. "Ile Kiswahili uliweka ni ya bitabu?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye ulikuwa unaijua, ile neno?"

"Ndiyo. Naifundishaka."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Alichukua kitambaa akafuta meza, ingawa haikuwa chafu, akaenda jikoni na kufunga mlango.

Asubuhi yake nilikuwa natafuta viatu alipoweka chai. Simu ilikuwa kwenye chaja, hakuigusa. Alileta kikombe chake, akaleta kikopo cha chumvi akakiweka mahali pake mbele ya kiti cha baba, akakaa. Kisha, bila mtu kumuuliza, alisema, "Iko juu ya mesa."