Wimbo wa Simeoni Una Mwenyewe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia naona haya peke yangu jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kwaya ya parokia yetu hapa Kisangani ilikuwa imenichagua kuwa mwongozaji. Wewe sasa umepewa kazi hiyohiyo, na jana nilikuona ukitafuta nyimbo kwenye simu, zile za sauti nane. Ndiyo maana nimekuita.

Sala yetu ya jioni unaijua: zaburi, wimbo wa Maria, kisha wimbo wa Simeoni. Siku hizo palikuwa na desturi moja. Mstari wa kwanza wa wimbo wa Simeoni uliimbwa na mwimbaji mzee kuliko wote, peke yake, halafu sisi tunaingia. Simeoni alikuwa mzee akiomba aachiwe aende kwa amani, basi auanze mtu wa umri wake. Mzee wetu alikuwa Papa Bolila, seremala wa kutoka Yanonge, aliyeimba besi tangu kabla sijazaliwa. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mke wake tulimzika mwaka uleule, na mstari ule mmoja ndio uliokuwa ukimtoa nyumbani kila Jumapili. Nilijua hilo, mwanangu. Usifikiri sikujua.

Askofu akatangaza kuja kututembelea, nami nikavimba kichwa. Nikauacha wimbo tuliouzoea, nikachagua muziki mgumu kutoka kwenye daftari la kuazima, muziki wa kwaya zenye kinanda kizima na miezi ya mazoezi. Sisi tulikuwa na wiki mbili, na kinanda chetu kilikwisha kuliwa na mchwa. Mstari wa kwanza nikajipa mwenyewe. Nikamwendea Papa Bolila, nikamwambia kwa adabu ya kinafiki kwamba siku hiyo asimame nasi lakini asiimbe, sauti yake isije ikatuvuruga. Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akaendelea kukunja kanzu yake ya kwaya. Ngoma ikilia sana hupasuka, ila ngoma yenyewe haijui.

Siku ikafika. Wimbo wa Maria tuliupita kwa kuchechemea. Ulipofika wa Simeoni, woga ukanifanya nianze juu mno. Soprano wakanifuata mpaka mstari wa tatu, wakakwama, wanaume nao wakanyamaza, na kanisa zima likawa kimya. Askofu aliinamia kitabu chake. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee wangu alikuwa hatua mbili nyuma yangu, anaujua wimbo wa zamani kama jina lake. Nikageuka, nikamwomba kwa macho atuokoe. Midomo yake haikufunguka. Kasisi akasoma maneno yaliyobaki, sala ikaendelea.

Baada ya baraka nilimfuata uani, nalia kwa hasira, nikamuuliza kwa nini alituacha tuaibike.

"Ulisema ninyamaze, mutoto yangu," akasema. "Bon, nilinyamaza. Sasa unajua vile inauma, kusimama mbele ya watu na wimbo iko ndani ya kifua."

Nikapiga magoti palepale mchangani, nikamwomba msamaha. Akaniinua kwa mikono yake migumu ya useremala, akanipangusa uso kwa pindo la kanzu.

"Donc, basi, unachagua wimbo ya kuonesha watu, ao ya kusali nao?" akaniuliza. "Kwanza uangalie nani anaimba. Kisha ndiyo uchague."

Jumapili iliyofuata nilimrudishia mstari wake. Sauti ilitetemeka, kweli, na kwenye neno la amani ikakatika kabisa. Akameza mate, akalimalizia. Watu wazima walilia kwenye mabenchi, nami nililia hata nikasahau kuwaingiza alto. Aliuimba Jumapili saba tu. Siku tuliyomzika, mstari wa kwanza tuliuacha kimya, urefu wake wote, tukaingia kwenye wa pili.

Mwanangu, sikukatazi muziki mgumu. Jifunzeni taratibu, kazi ya miezi isifanywe kwa wiki mbili, nami nitakuja kuwasikiliza. Lakini kabla ya kuchagua, pita kwa kila mwimbaji umjue: nani koo lake limechoka, nani amefiwa, nani ana mstari mmoja tu unaomtoa kitandani. Usimnyang'anye mtu wimbo wake ili wewe usifiwe na mgeni wa siku moja. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na ukimkosea mzee, mwombe msamaha leo, kwa maana hujui amebakiwa na Jumapili ngapi.

Mungu akulainishie koo, akupe sikio la kumsikia hata anayeimba chini, na waimbaji wako wazeeke mikononi mwako wakiwa bado wanaimba.