Mkoba wa Ayeeyo Uliobaki Tarbaj

Wiki iliyopita nilikasirika dukani, na hasira yenyewe bado haijanitoka, kwa hiyo nivumilie.

Mimi, rafiki yangu, nina vyombo vyangu vya kazi. Nina nyundo, koleo, bisibisi, msumeno mdogo na patasi. Bomba likivuja nyumbani natengeneza mwenyewe, kitasa kikilegea natengeneza mwenyewe, wala simpigii mtu simu. Miaka yote vyombo hivyo vimelala ndani ya gunia la mchele, mpaka juzi gunia likatoboka na patasi ikaniangukia mguuni. Nikasema basi, sasa ninunue kitu cha heshima. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi hapa Garissa, nikakuta mifuko ya turubai, masanduku ya plastiki na masanduku ya chuma. Nikaanza kuyashika moja moja, nikavuta mishono ya mifuko kuona kama itashika, nikapima mkono wa sanduku kama hautanikata vidole likijaa. Kijana wa duka akanitazama huku anacheka. "Mama, hii ni ya mzee? Ambia yeye akuje achague mwenyewe. Wamama hawajui hii maneno."

Hawajui! Mwanamke wa Kisomali anaambiwa hajui mfuko wa vyombo vya kujengea, na anayemwambia ni kijana wa Kisomali, ambaye nyanya yake, wallahi, alizaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa na wanawake peke yao. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu ilikuwa Ijumaa, nikatoka mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, watu wananipisha. Niliyokuwa nikiyasema ndiyo haya ninayokuandikia, tena kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa shuleni kwa kiboko.

Utotoni mwangu, huko upande wa Tarbaj, mwanamume hakuwa na nyumba. Soma tena ukitaka. Alikuwa na ngamia, alikuwa na bakora, alikuwa na maneno mengi kwenye vikao, lakini nyumba ilikuwa ya mwanamke. Aqal yetu, ile nyumba ya mviringo ya matao na mikeka, mwanamke ndiye aliyekata miti yake. Yeye ndiye aliyeikunja juu ya moto ingali mibichi, akasokota kamba, akasuka mikeka, akashona. Tukihama aliivunja na kuipakia juu ya ngamia, na tukifika aliisimamisha kabla jua halijazama. Baba yangu, Mungu amrehemu, sikumwona akigusa hata fundo moja. Mwanamume aliyegombana na mkewe alilala nje na ngamia wake, na hakuwa na pa kushtaki.

Na fundi wa mafundi alikuwa ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba. Bibi harusi hakuingia kwenye nyumba yake mpya mpaka ayeeyo aje kuikagua na kuvuta kamba za mwisho. Walimfuata kwa ngamia kutoka mbali, wakambembeleza, naye alijifanya mgonjwa kidogo ili abembelezwe zaidi. Alikuwa na maringo yule mama! Alifunga kitambaa chake, akatia tumbaku kinywani, akasema, "Haya, leteni mkoba."

Mkoba huo ndio ninaotaka uujue. Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, mwekundu wa magome ya mgunga yaliyotumika kuilainisha, na ulinuka moshi na samli. Ndani mlikuwa na shoka dogo, kisu, sindano nene za mikeka, na msharasi wa kutobolea uliochongwa kutoka pembe ya choroa. Msharasi huo alipewa na mama yake, aliyepewa na mama yake. Kazi yangu mimi ilikuwa kuupaka mkoba samli usipasuke, na jioni zile nilizipenda kuliko kucheza. Huku mama anachemsha chai ya maziwa ya ngamia, huku kengele za mbao zinagonga shingoni mwa ngamia wanaorudi, nami mikono inateleza samli mpaka viwikoni, najilamba ayeeyo asinione. Aliniona. Alinifinya sikio, kisha akanipa kipande cha nyama ya kukaangwa.

Mwaka mmoja mkoba wa zamani uliisha, na nilimwona akichagua ngozi ya kutengenezea mwingine. Subhanallah, kuoza binti ni rahisi zaidi! Ngozi ya mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa aliitupa bila kuigusa mara mbili. Ngozi ya mbuzi mzee alisema ni ngumu, haitalala vizuri juu ya ngamia. Aliposhika ile aliyoipenda aliivuta, akaifikicha sikioni, akatafuta sehemu ya shingo iliyo nene, akasema hapo ndipo patakuwa chini, msharasi usije ukatoboa na kuanguka njiani. Jirani yetu mmoja, aliyeolewa akitoka mjini, alimshauri atumie sanduku la mbao kama lake. Ayeeyo akamwambia, "Sanduku lina pembe, mwanangu, na ngamia ana ngozi." Yule jirani hakusikia, na safari iliyofuata ngamia wake alifika na kidonda ubavuni.

Tena palikuwa na utaratibu wa kuupakia. Mkoba ulipanda mwisho, juu ya kila kitu, ili ushuke wa kwanza, kwa sababu tukifika hakuna kinachoanza bila mkoba huo. Sisi watoto tulikaa chini tumechoka, na midomo imekauka, tukimtazama ayeeyo akifungua ile kamba. Tulijua akishaifungua, kivuli kinakuja.

Halafu ukaja ukame. Sitakusimulia ng'ombe na ngamia walivyokwisha, maana wewe mwenyewe umewaona barabarani. Baba mdogo, ambaye tulimwita adeer, ndiye kitinda mimba wa ayeeyo. Alikuwa ameshakaa Garissa akifanya kazi gereji, na alikuja na lori la kutuhamisha. Alikuja pia na sanduku lake la spana, la chuma, la buluu, lenye kufuli. Kufuli! Mtoto akilisogelea alizabwa kofi. Usiku alililalia kichwani. Alisema fundi bila vyombo vyake ni sawa na mtu asiye na mikono, na watu wazima wote walitikisa kichwa kwamba amesema kweli.

Siku ya kupakia, lori limesimama kando ya kisima chetu, sanduku la buluu lilikaa mbele kwa dereva, kama abiria. Mikeka ilipanda, masufuria yakapanda, mbuzi waliobaki wakapanda. Ayeeyo akafunga mkoba wake mwenyewe kwenye chuma cha nyuma ya lori, mwisho kabisa, juu ya kila kitu, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akasaidiwa kupanda mbele, akakaa, akanyoosha miguu.

Adeer akaufungua ule mkoba kutoka kwenye chuma, akauweka chini kando ya kisima, akaligonga lori kwa kiganja, akapanda, likaondoka.

Hatukujua mpaka tumefika Garissa. Tulishuka kwenye kiwanja kitupu, na vumbi limetufanya wote rangi moja. Ayeeyo akazunguka nyuma ya lori kuchukua mkoba, akakuta kamba tupu. Alidhani umeanguka. Alianza kushusha mzigo wote peke yake, sufuria moja moja, mkeka mmoja mmoja, akiwaambia watu wasikanyage, msharasi unaweza kuwa hapo chini. Mama akapiga magoti kumsaidia, nami pia. Tulitafuta mpaka adeer akachoka kututazama.

"Hooyo, acha," alimwambia mama yake. "Niliuacha kisimani. Mjini hakuna aqal. Ile ni mifupa na misumari tu, itakusaidia nini hapa?"

Ayeeyo aliiweka chini sufuria aliyoshika. Kisha akamuuliza, "Na sanduku lako?"

"Sanduku langu ni la kazi."

La kazi! Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, na neno hilo bado linanichoma pale pale. Ameiona mikoba ya mama yake, ule wa zamani na huu, tangu azaliwe. Kila kivuli alichowahi kulala ndani yake, tangu akinyonya, kilitoka humo. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini huyu alimtukana mkunga akiwa bado kitovu hakijakauka. Na ubaya wake, hakuwa mtu mbaya. Alitulisha na kutupeleka shule. Ndiyo maana nimekosa hata pa kumchukia vizuri.

Tulilala nje, mikeka imekunjwa pembeni yetu, hakuna cha kuishonea. Ayeeyo alimwagiza kila msafiri aliyekwenda Tarbaj amtazamie kisimani. Wengine walirudi wakasema hawakuuona, wengine hawakurudi. Alijaribu sindano ya magunia ya sokoni, ikapinda kwenye mkeka wa kwanza. Adeer akamfungulia sanduku la buluu kwa ukarimu, akamwambia achague chochote. Ayeeyo alishika spana, akaigeuza, akairudisha taratibu. Alisema, "Hizi ni za kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine ameshakijenga."

Baadaye adeer alimleta fundi wa kutujengea chumba cha mabati. Na hadithi ya mkoba akaifanya mzaha wa kuchekeshea wageni: "Mama yangu nusura alete mifupa mjini, ha ha ha." Wageni walicheka na chai mkononi. Ayeeyo alikuwa akikaa pale pale mkekani, anasikia.

Lakini la kunimaliza lilikuwa harusi ya dada yangu. Huko kwetu nyumba ya bibi harusi hujengwa na wanawake wa upande wake, na ayeeyo alikuwa amesubiri siku hiyo tangu dada azaliwe. Alimwambia adeer atajenga aqal, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa uani. Alikwisha kuanza kuazima vyombo kwa wanawake wengine waliohamia kama sisi, huyu kisu, yule sindano, akivifunga kwenye shuka kuukuu kwa kukosa mkoba. Adeer akakataa. Akasema upande wa bwana harusi ni watu wa mjini, watatucheka. Mafundi wakaja, wanaume, na mifuko yao ya turubai begani, na ayeeyo akawekewa kiti. Ndiyo, kiti cha plastiki. Akapewa na soda. Mwanamke ambaye ngamia walitumwa kumchukua alikalishwa kitini kama mgeni, kutazama nyumba ya mjukuu wake ikipigiliwa misumari na watu ambao hata hawakumsalimu.

Nilisimama nyuma ya kiti chake. Mikono yake ilikuwa mapajani, na kila fundi alipofunga kitu vibaya vidole vyake vilisogea. Soda hakuinywa.

Nyumba ilipokwisha, wanawake walipiga vigelegele na dada akaletwa. Ayeeyo aliinuka akaizunguka nyumba yote, akigusa mabati kwa kiganja, na yalikuwa moto. Alirudi mlangoni akamuuliza adeer, "Nani ameijenga?"

"Fundi, hooyo."

"Anaitwa nani?"

Adeer akatazama huku na huku. Fundi alikwisha kwenda zake.

"Ni mtoto wa nani?"

Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni uzee. Yeye hakucheka. Alisema, "Katika aqal kila mkeka nilijua ni mkono wa nani. Huu wa dada yangu, huu wa jirani, huu wa marehemu. Leo mmemlaza mtoto wangu kwa mtu msiyemjua." Akageuka, na mpaka anakufa hakuingia ndani ya nyumba ile. Dada alimpelekea chai nje, wakakaa kando ya ukuta kwenye kivuli kidogo, wakazungumza.

Siku hizi aqal zipo, usiniambie hazipo. Hukodishwa kwa sherehe, za harusi na za wakubwa wa serikali, na anayezisimamisha ni kijana wa kiume mwenye koleo na waya wa kufungia. Wageni wanapiga picha, wanasema utamaduni ni mzuri. Nimewahi kuingia moja, nikatafuta mshono wowote niujue, nikatoka. Mimi mwenyewe sijui kushona mkeka. Ayeeyo alikuwa amesema nitaanza mvua zikinyesha, na mvua zilipokuja hapakuwa na msharasi, na baadaye hapakuwa na yeye.

Nimepanga nyumba nzuri tu, ya mawe, yenye maji. Juzi mwenye nyumba alipopita nilimuuliza nani aliijenga.

"Mafundi tu, mama," alisema. "Kwani kuna shida?"

Nikamwambia ndiyo, iko.