Karatasi za Ukutani kule Mabanga

Nilipoajiriwa kwenye makavazi madogo mjini Kitale, kazi yangu ilikuwa kukusanya karatasi za watu waliokuwa katika vuguvugu la kudai vyama vingi: barua, picha, vikaratasi vya siri walivyosambaza. Nilidhani nitahangaika kuwatafuta. Wapi! Siku hizi kila mzee mwenye kofia nzuri aliwahi kupigania ukombozi, hata unajiuliza serikali ile ilibaki na nani wa kuwakamata wenzake.

Wa kwanza alikuwa mheshimiwa mmoja mstaafu, aliyeleta gari zima la masanduku. Ndani mlikuwa na kadi za harusi, picha zake akikata utepe, na shajara ya kizuizini iliyochapwa vizuri.

"Mheshimiwa," nikauliza kwa upole, "kizuizini mlikuwa na kompyuta?"

"Hiyo ni nakala. Ya kwanza ililiwa na panya."

Mkurugenzi wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baadaye tukasikia habari za mjane mmoja karibu na Mabanga, nje ya Bungoma. Marehemu mumewe, mwalimu, alifungwa kwa kuandika vikaratasi vile. Tukaenda. Mama akatuingiza katika nyumba yake ya udongo, akagonga ukuta wa chumba cha kulala.

"Ziko hapa. Tulisikia askari wanakuja, tukakoroga unga wa ngano, tukazibandika maandishi yakiangalia ndani. Juu yake tukaweka magazeti. Walipekua mpaka sufuria ya ugali. Mmoja aliegemea hapa hapa, bana!"

Mkurugenzi akapapasa ukuta, macho yakimng'aa. "Tutaukata wote, tuubebe."

"Ukuta wangu? Na mimi si nitalala nje? Nijengeeni mwingine kwanza."

Mkurugenzi akaeleza kwamba bajeti haina kifungu cha kuta. Kifungu cha mahema, kuku na fulana za uzinduzi wa maonyesho kilikuwepo.

Basi nikawa narudi peke yangu kila Jumamosi. Mama anachemsha maji, mimi nalainisha karatasi kwa mvuke na kuzibandua kwa kisu cha siagi. Nyingine zilitoka na udongo wake, nyingine zilichanika mikononi mwangu. Yeye alizisoma kwa sauti akicheka. "Ona mwandiko! Na huyu ndiye alikuwa anachapa watoto wa watu kwa sababu ya mwandiko mbaya."

Siku ya uzinduzi, masanduku ya mheshimiwa yaliwekwa ndani ya vioo na kumulikwa taa. Karatasi za mwalimu zilikuwa stoo, nyuma ya ndoo za kudekia. Mkurugenzi alisema udongo ule utatuletea mchwa. Nilibisha, nikaambiwa nisimamie chai.

Mama alifika amevaa nguo zake za kanisani. Alizunguka vioo vyote, akasoma kadi za harusi za watu asiowajua, kisha akanijia.

"Mwanangu, mzee wangu mmemweka wapi?"

Nikampeleka stoo, nikasogeza ndoo, nikafungua boksi.

"Ati hata nyinyi mnamficha," akasema. "Sisi angalau tulikuwa tunaogopa askari. Nyinyi mnaogopa nini?"

Nilimpindulia ndoo akakaa. Kule ukumbini walikuwa wanampigia mheshimiwa makofi.