Mjomba Hakuulizwa

Siku yangu ya kwanza chuoni Korogwe, Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Jamii, ambaye pia alikuwa mchungaji, alikishika cheti changu kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani.

"Stashahada," alisema. "Wanafunzi wetu wanasomea shahada, mama."

"Naam, mchungaji. Na vijijini atawapeleka nani?"

Alicheka, akanikabidhi ufunguo wa ofisi. Mpaka nastaafu sikuongeza cheti kingine, na wenye shahada za uzamili walizoea kunisubiri ndipo kikao kianze.

Nilizaliwa kwenye kambi za vibarua wa mkonge Ngombezi, karibu na Korogwe, mama yangu akianika singa, yaani nyuzi za mkonge. Stashahada niliisoma kwa kujilipia mwenyewe, nikishona sare za shule. Nikafanya kazi Dodoma, kisha Mwanza, nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, si kwa kushindwa kama walivyonong'ona majirani. Vijana wanaosoma haya wajue kwamba mlango huo sikufunguliwa na mtu.

Kazi yangu iliitwa usimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi alikaa darasani akijifunza nadharia, kisha tukampeleka kwa watu wenyewe: ziara za nyumbani, tathmini ya familia, ripoti ya shauri. Shauri ni habari yote ya mtu mmoja au familia moja tunayoihudumia, na mhusika tunamwita mteja, ingawa hanunui kitu.

Chuo kilikuwa cha kanisa, na vijana wengi walikuja wakidhani watafundishwa kuhubiri kwa njia nyingine. Mkuu wa Idara aliwaambia mapema kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo heshima yake haisubiri abatizwe. Mimi niliongeza la kwangu: imani ikufikishe mlangoni, ukishafika, sikiliza. Hawakusikia mara moja. Katika mbuga za Handeni, kijana wangu mmoja alifungua ziara kwa mahubiri marefu mbele ya mzee mfugaji. Mzee akamwachia mpaka akachoka, kisha akamwambia, "Mwanangu, sisi tunasali Jumapili. Leo Jumanne, tuzungumze habari ya maji."

Lakini shauri lililotupima lilikuwa la Zaina.

Zaina alikuwa binti mdogo, bado hajaanza shule, katika kijiji cha Wazigua huko Handeni. Mama yake alifariki, akabaki na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanaidi, ambaye macho yalikuwa yakififia. Tulimpangia shauri hilo Eliwaza, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, binti wa mchungaji kutoka Moshi, hodari na mwenye huruma ya kweli. Alimtembelea bibi, akaandika ripoti safi: baba hajulikani alipo, upande wa baba hakuna ndugu, mlezi hana uwezo. Akapendekeza Zaina apelekwe makao ya watoto yanayoendeshwa na kanisa. Mkuu wa Idara akafurahi. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mwenye uamuzi wa mwisho, alikuwa akisubiri pendekezo letu tu.

Mimi niliisoma ripoti ile, nikamwambia Eliwaza, "Vaa viatu. Tunarudi kwa bibi."

Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini, Zaina kamshika kanga.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba. Mmekuja na gari?"

"Tumekuja na gari, bibi."

"Basi nipakieni na mimi. Mnipeleke huko mkambatize kikongwe pia, mpate wawili kwa safari moja."

Eliwaza akataka kujieleza. Nilimgusa mkono, akanyamaza. Tukakaa mkekani, tukaulizana habari za mvua na mahindi, tukaletewa uji, tukanywa. Ndipo nikauliza, "Bibi, mjomba wa Zaina ni nani?"

"Shabani. Mwanangu wa kumzaa. Yupo Ngombezi, anakata mkonge."

Eliwaza alishtuka. "Bibi, mbona nilikuuliza kama kuna ndugu wa kusaidia, ukasema hakuna?"

"Uliniuliza ndugu wa baba. Halafu ukaniuliza nani wa kusaidia. Mjomba si wa kusaidia, mjukuu wangu. Mjomba ndiye mwenyewe. Kwenu mjomba huwa anasaidia?"

Kwa wasiojua: Wazigua wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kaka wa mama ndiye mwenye neno juu ya mtoto, na wengi bado wanaishi hivyo. Eliwaza alikulia mahali ambapo mtoto ni wa ukoo wa baba, na fomu zetu nazo zilielekea huko huko. Alikuwa ameuliza kwa upole wote wa dunia, lakini upande usio na watu.

Tulimfuata Shabani kambini. Alitusikiliza amesimama, panga mkononi, mkewe akichungulia dirishani.

"Mnaniuliza kama nitamchukua?" alisema. "Mama aliniambia mtoto wa marehemu dada akae kwake mpaka mvua zipite. Hakusema kuna watu wa gari."

"Na mama yako?" nikauliza.

"Mama naye aje. Nimwache amuone nani huko?"

Mkewe akadakia kutoka dirishani, "Aje, ila asiniseme kuhusu chumvi!"

Mkuu wa Idara hakupendezwa. Katika kikao cha mashauri alisema, "Makao wana kitanda, shule na daktari. Kibarua ana chumba na ua."

"Mimi nimetoka kwenye chumba hicho, mchungaji," nikamjibu, "na ndimi unayenisubiri kila kikao."

"Wewe si kipimo, mama. Anayesoma shahada ni yeye. Eliwaza, pendekezo lako ni lipi?"

Hapo nikanyamaza, maana hakuna msimamizi anayeweza kusema mahali pa mwanafunzi wake. Kugeuza ripoti iliyokwisha kusifiwa kungeweza kumshushia alama, naye alijua. Alisimama.

"Mtoto akae na mjomba wake na bibi yake. Mimi niliuliza vibaya. Na kama tunaamini Mungu ndiye aliyemweka katika ukoo, sisi ni nani wa kumtoa kwa sababu hatukuufahamu?"

Mchungaji alimrudishia ripoti yake. "Andika hivyo hivyo," alisema, "na sababu yake."

Afisa wa wilaya alikubali. Tulifuatilia mpaka Zaina akaanza shule, kisha tukalifunga shauri.

Sasa nimestaafu, nakaa Kwashemshi na migomba yangu. Eliwaza anafundisha chuoni, na swali la mjomba liko kwenye mtaala. Nimejisifu kwa mengi katika maisha yangu, na sijutii. Lakini juzi sokoni Korogwe nilipishana na binti mrefu aliyembebea Shabani gunia dogo la maharage, wakibishana kuhusu bei. Akaniamkia kama anavyomwamkia mzee yeyote, "Shikamoo, bibi," nikaitikia, akapita. Hakunijua kabisa, na Shabani alikuwa ameshatangulia. Nikasimama pale na kikapu changu, nikijisikia mkubwa kuliko siku zote.