Yanayobadilika na Mvua

Rebeccah Chepkosgei alikuwa na kiburi cha kazi, nami nilimpenda hivyo hivyo. Programu inayopokea uzito wa majani ya chai kutoka mizani zote za chama chetu cha wakulima hapa Roret aliiandika peke yake. Mimi, Bosibori, ni karani wa ofisi. Kazi yangu kubwa ni kupokea kelele za wakulima.

Kelele zenyewe huja na mvua. Daraja likifunikwa na maji, lori halifiki kituo kimoja, basi wakulima hubeba majani yao hadi kituo cha jirani. Mizani ya huko lazima ipewe ruhusa ya kuwapokea, la sivyo inawakataa, na majani yanashika joto ndani ya magunia mpaka yaharibike.

Ruhusa hiyo Rebeccah aliiandika kwa anotesheni, yaani kialama kifupi kinachokaa ndani ya programu yenyewe, juu ya sehemu inayohusika. Kuibadilisha kulimhitaji yeye, maana programu nzima ilibidi ijengwe upya. Nilimwuliza mbona asiiweke kwenye faili ya pembeni, ile ya XML, inayoandikwa kwa mabano, ambayo hata karani angeifungua. Alinicheka.

"Mabano yote hayo, Bosi? Ukisahau kufunga moja, chama kizima kinalala. Wacha kitu ikae na maelezo yake."

Hakukosea kabisa, kwa hiyo nilirudi kwa wakulima wangu.

Mwezi wa Aprili hospitali ilimrudisha babake, Mzee Kipsang, nyumbani Sigowet, na kila mtu alielewa maana yake. Rebeccah akahamia huko na kompyuta yake, ili asimwache afe peke yake. Asubuhi moja mzee alimshika mkono, akaanza kumweleza habari za marehemu mkewe, mama yake Rebeccah. Simu ikalia. Ni mimi niliyepiga.

"Becky, daraja imeenda. Watu wamejaa hapa na mashine inawakataa."

Alitoka na kompyuta hadi langoni, intaneti inakopatikana, akaijenga programu upya. Aliporudi, mzee alikuwa amelala, na alipoamka hakukumbuka alilotaka kusema. Rebeccah alinisimulia hayo akilia.

Wiki hiyo hiyo akaihamishia ruhusa ya vituo kwenye XML. Yasiyobadilika aliyaacha kwenye anotesheni. Yanayobadilika na mvua aliyatoa nje. Akanifundisha kwa simu kuifungua faili, akaongeza kikaguzi cha kukamata kosa kabla halijafika kwenye mizani. Ilimuuma. Nilipofaulu mara ya kwanza alisema "Haya" tu, kama mama anayemwona mtoto akila kwa mkono wake mwenyewe.

Mvua kubwa ikarudi, daraja likafunikwa tena. Nilifungua faili, nikabadilisha mstari, nikahifadhi, na mizani ikawapokea watu.

Huko Sigowet mzee alisikia mvua ikipiga mabati.

"Chepkosgei, leo hawakuiti?"

"Hawaniiti, Baba. Wanaweza wenyewe."

"Basi keti. Nilikuwa nakwambia habari ya mama yako."

Akaketi, na mzee akaimaliza yote, polepole, akipumzika kila mara. Akafariki kabla mvua haijakatika, mkono wake ungali mkononi mwa bintiye.

Alasiri Rebeccah akanipigia mwenyewe. Nilidhani anataka kujua habari za mizani.

"Bosi," akasema, "mzee ameenda. Asante kwa kutonipigia."